Bundi, mkeka na sura mawinguni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuona maana kwenye mambo ya nasibu

Maswali haya huja tena na tena kutoka kwa watu wa Arusha, Moshi na vijiji vya jirani. Tunatumia neno "ruwaza" kwa mpangilio unaojirudia, na "nasibu" kwa jambo linalotokea bila mpangaji wala mpangilio. Kwa majaribio utahitaji daftari, kalamu, sarafu ya shilingi 200 na kikokotoo cha simu.

Hali hii ina jina?

Ndiyo, apofenia. Neno lilibuniwa mwaka 1958 na Klaus Conrad, daktari wa magonjwa ya akili wa Ujerumani, alipokuwa akieleza mwanzo wa skizofrenia: mgonjwa anaanza kuona kwamba kila kitu, kuanzia namba za magari hadi kikohozi cha jirani, kinamsemesha yeye. Baadaye neno likapanuka, na siku hizi linamhusu kila mtu anayeunganisha mambo yasiyounganika. Tawi lake la kuona sura ya mtu kwenye wingu, ukuta au chapati huitwa pareidolia.

Kwa hiyo ni ugonjwa?

Kwa kiwango cha kawaida, hapana. Ni jinsi ubongo wa binadamu unavyofanya kazi, wa msomi na wa asiyesoma. Lini inafika mahali pa kumwona daktari, tumeeleza huko chini.

Ubongo unafaidika nini kuona kitu ambacho hakipo?

Fikiria unapita kihambani saa mbili usiku. Kuna kitu kirefu kimelala chini ya migomba. Ukidhani ni nyoka kumbe ni ganda la mgomba, umepoteza mapigo machache ya moyo na labda heshima mbele ya watoto. Ukidhani ni ganda kumbe ni nyoka, hasara ni nyingine kabisa. Makosa haya mawili hayana bei moja, kwa hiyo ubongo umeegemea upande wa bei nafuu: unaona nyoka wengi kuliko waliopo. Wahenga walishalisema hili kabla ya maabara yoyote: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Kwa sura za watu ni zaidi. Nyuma ya ubongo, upande wa chini, kuna eneo linaloshughulika hasa na kutambua nyuso, nalo huamka hata mbele ya kitu kinachofanana na uso kwa mbali tu. Linaamka chini ya robo ya sekunde, kabla hujapata nafasi ya kujiuliza kama ni soketi ya umeme au mtu mwenye mshangao. Nukta mbili na mstari chini yake zinatosha.

Mfano unaotajwa sana ni wa tarehe 25 Julai 1976. Chombo cha anga cha Viking 1 kilipiga picha eneo la Cydonia kwenye sayari ya Mars, na ndani yake kukaonekana uso wa mtu: macho, pua, mdomo. Jua lilikuwa limeinama, vivuli ni virefu, na picha ilikuwa na ukungu wa nukta nukta. Chombo kingine, Mars Global Surveyor, kilipita tena mwaka 1998 na 2001 kikiwa na kamera kali zaidi. Kilichoonekana ni kilima, basi. Picha mbovu huacha nafasi, na ubongo huijaza kwa kile unachokijua zaidi, yaani uso.

Masikio nayo hufanya hivyohivyo. Kusikia unaitwa jina katikati ya ngurumo ya jenereta au mvua juu ya bati ni jambo la kawaida.

Na hadithi ya Mawenzi kupigwa na Kibo?

Wachaga wanasimulia kwamba Mawenzi alikwenda kwa Kibo (vilele viwili vya Kilimanjaro) kuomba moto, akarudia mchezo huo hadi Kibo akachoka na kumtwanga, ndiyo maana kilele chake kimechongokachongoka. Hatuihesabu kama kosa. Anayeisimulia anajua anasimulia. Shida huanza mtu anapoichukua ruwaza kama ushahidi na kufanya uamuzi juu yake.

Nitajuaje nasibu halisi inafananaje? Mimi naona ningeitambua.

Karibu kila mtu anaona hivyo. Jaribu hili, hasa kama unafundisha sekondari.

Chukua sarafu ya shilingi 200. Upande mmoja una Karume, mwingine una simba. Gawa darasa makundi mawili. Kundi la kwanza lirushe sarafu mara 100 na kuandika matokeo kwa mstari, K au S. Kundi la pili lisirushe chochote, liandike K na S mia moja kichwani mwake, likijitahidi kufananisha na kurusha kweli. Wewe toka nje. Ukirudi, chukua karatasi zisizo na majina na utafute kitu kimoja tu: mfululizo mrefu zaidi wa herufi moja.

Kwenye karatasi za sarafu halisi, uwezekano wa kukuta mfululizo wa angalau tano (KKKKK au SSSSS) ni kama asilimia 97, na wa angalau sita ni kama asilimia 80. Waliobuni huogopa kufika huko. Wakifika K tatu, mkono unawasha, wanaweka S. Hesabu pia mara ngapi herufi inabadilika: kwa sarafu halisi ni karibu nusu, yaani mara 49 au 50 kati ya nafasi 99. Waliobuni hukaribia 60.

Mambo mawili huharibu jaribio. Wanafunzi wa kundi la kwanza huchoka kwenye mrusho wa 40 hivi na kuanza kubuni, kwa hiyo mmoja arushe na mwingine aandike. Pili, sarafu inayozungushwa juu ya meza badala ya kurushwa hewani inaweza kuegemea upande mmoja kwa sababu ya ukingo wake. Irushe juu, iangukie kiganjani.

Somo lililomo ni kwamba nasibu ina mabonge. Ukiiona imesambaa vizuri kama vitumbua kwenye sinia, kuna mtu ameipanga.

Ndiyo maana simu inarudia msanii mmoja nikiweka nyimbo zijichanganye?

Ndiyo. Wasikilizaji walilalamika mno kwamba mchanganyiko si wa kweli, hadi mwaka 2005 Apple ikaweka njia ya kupunguza marudio ya msanii mmoja, na Spotify nayo ilibadili kanuni yake mwaka 2014. Yaani walipunguza nasibu ili ionekane nasibu zaidi.

Mtaani kwetu nyumba tano zimevunjwa mwezi mmoja, mtaa wa pili hata moja. Hapo si kuna mtu anatulenga?

Inawezekana. Lakini bonge peke yake si ushahidi, na kuna mfano mzito wa hilo.

Wakati wa Vita ya Pili, Ujerumani ililipua London kwa mabomu ya kuruka yaitwayo V-1. Wakazi waliona wazi kwamba mitaa fulani inalengwa na mingine inaachwa. Mwaka 1946 R. D. Clarke, mtaalamu wa hesabu za bima, alichukua eneo la kusini mwa London, akaligawa viboksi 576 vya robo kilomita ya mraba kila kimoja, akahesabu mabomu 537 yalivyoangukia. Viboksi 229 havikupata hata bomu moja. Viboksi 211 vilipata moja moja, 93 mawili mawili, 35 matatu matatu, 7 vilipata manne manne, na kimoja zaidi ya hapo. Kisha akakokotoa ingekuwaje kama mabomu yangeanguka popote bila kulenga: visivyo na kitu 227, vyenye moja 211, vyenye mawili 99, vyenye matatu 31, vyenye manne 7. Karibu sawasawa. Ndani ya eneo lile, hakuna mtaa uliochaguliwa.

Unaweza kulifanya nyumbani. Chora boksi la 10 kwa 10, viboksi 100. Usirushe maharage juu yake, maana yatarundikana katikati, mkono hauna usawa. Badala yake andika namba 0 hadi 9 kwenye vikaratasi kumi, changanya ndani ya kofia, chomoa kimoja kwa mstari, kirudishe, chomoa kingine kwa safu, weka harage moja hapo. Rudia hadi maharage 100. Kusahau kurudisha kikaratasi ndilo kosa linaloharibu kila kitu. Utaishia na viboksi vitupu kama 37, vyenye harage moja kama 37, vyenye mawili kama 18, na vyenye matatu au zaidi kama 8. Harage moja kwa kila boksi ndio wastani, na bado zaidi ya theluthi moja ya viboksi havikupata kitu!

Sasa rudi mtaani. Anayeanza na nyumba tano zilizovunjwa kisha akachora mpaka kuzizunguka anafanana na mtu aliyepiga mshale ukutani, halafu akachora duara la shabaha pale ulipochoma. Chora mpaka kwanza (mtaa mzima, kata nzima, miezi 12), ndipo uhesabu. Na uulize juu ya njia: je, zote tano zilivunjwa kwa kutoboa dari? Zote taa ya nje ilikuwa imekufa? Namna moja ya kuvunja ina uzito kuliko idadi.

Nimeweka mkeka (dau moja la mechi nyingi, ikikosea moja lote limekwenda) wa timu kumi, tisa zimeshinda, moja imeuchana. Imetokea mara tatu mwezi huu. Si ishara kwamba nakaribia?

Hapana, na hapa ndipo pesa nyingi za vijana zinakopotelea, kwa hiyo tuhesabu taratibu.

Tuseme wewe ni mchambuzi mzuri na kila timu unayoweka ina uwezekano wa asilimia 70 kushinda. Zote kumi kushinda: 0.7 ijizidishe mara kumi, unapata 0.028, asilimia 2.8. Tisa kushinda na moja kuchana: asilimia 12.1. Maana yake ni kwamba kwa kila mkeka mmoja unaotiki, minne hivi itachanwa na timu moja tu. "Timu moja imenichania" si dalili ya kukaribia, ni matokeo ya kawaida kabisa ya mkeka mrefu. Yangetokea hivyohivyo hata kwa mtu asiyejua mpira, kwa asilimia nyingine tu.

Halafu kuna tozo iliyofichwa kwenye odi, yaani namba inayozidisha dau lako ukishinda. Chukua mechi yenye odi 2.40 kwa mwenyeji, 3.10 kwa sare, 2.90 kwa mgeni. Gawanya 1 kwa kila moja: 0.417, 0.323, 0.345. Jumla ni 1.085 hivi, wakati uwezekano halisi wa mambo yote hauwezi kuzidi 1. Hiyo 0.085 ya juu ni ya kampuni. Kwa wastani, kila shilingi 100 inarudi kama 92. Hiyo ni mechi moja. Kwenye mkeka tozo inazidishwa kila unapoongeza timu: mechi tano zinarudisha kama 67, mechi kumi kama 45. Ndiyo maana unahimizwa urefushe mkeka, na zawadi za ziada hutolewa kwa mikeka mirefu.

Na yule jamaa wa kwenye simu aliyenitumia matokeo manne mfululizo sahihi, bure?

Huenda alianza na namba 2,187. Theluthi moja akawaambia mwenyeji atashinda, theluthi sare, theluthi mgeni. Baada ya mechi ya kwanza watu 729 wameona yuko sahihi, wengine anawaacha. Anawagawa tena: 243, kisha 81, kisha 27. Hao 27 wameona utabiri mara nne bila kosa, nao ndio wanaoombwa elfu hamsini kwa "mechi ya uhakika". Wewe uko ndani ya 27 na huwaoni wale 2,160. Kipimo chake ni rahisi: mwombe utabiri wa mechi 30 kwa maandishi, kabla, bila kulipa. Atakublock.

Mashine ya dubwi imekula hela za watu mchana kutwa. Si lazima sasa iteme?

Huo ni uongo mkongwe wa wachezaji. Tarehe 18 Agosti 1913, kwenye kasino ya Monte Carlo, gurudumu la ruleti lilitoa rangi nyeusi mara 26 mfululizo. Kadiri nyeusi zilivyozidi, watu wakamwaga fedha kwenye nyekundu, kwa kuwa "zamu yake imefika". Kasino ikavuna. Gurudumu lina nafasi 37, nyeusi 18, na baada ya nyeusi 25 mrusho unaofuata bado ni 18 kwa 37. Mashine ya kamari nayo imepangwa ili mwenye nayo abaki na faida. Kama imechezewa ndani ili iteme kwa zamu fulani, wewe uliye mbele ya kioo huna njia ya kuiona zamu hiyo.

Lakini mshambuliaji akishafunga mechi mbili anakuwa moto. Hilo nalo mnalikataa?

Hapo tunakwenda polepole. Mwaka 1985 Gilovich, Vallone na Tversky walichambua wachezaji wa mpira wa kikapu Marekani wakasema "mkono wa moto" ni mawazo tu. Kwa miaka thelathini walimu wa takwimu walilirudia hilo kwa kujiamini. Kisha mwaka 2018 Miller na Sanjurjo wakaonyesha kwamba namna ile ya kuhesabu ilikuwa na kasoro iliyoficha mwelekeo mdogo wa kweli. Kwa hiyo: huenda moto upo, lakini ni mdogo kuliko macho yanavyoona. Ni vizuri pia kukumbuka kwamba wanaofundisha juu ya makosa haya huyafanya.

Bibi anasema bundi akilia juu ya paa, msiba unakuja. Na kweli alilia, jirani akafariki. Mtanieleza nini?

Tusimbishie bibi mezani. Tumwombe daftari.

Kichwa kinakumbuka kisanduku kimoja kati ya vinne: bundi alilia na msiba ukaja. Vitatu vingine havina hadithi, kwa hiyo havihifadhiwi: alilia hakuna msiba, hakulia msiba ukaja, hakulia wala hakuna msiba. Bila vyote vinne huwezi kusema lolote.

Kabla ya kuanza, andika dai lenyewe kwa maneno yasiyonyumbulika. "Bundi akisikika wiki hii, kutakuwa na msiba mtaani kwetu au kwenye ukoo ndani ya wiki inayofuata." Mtaa uwe na mpaka, ukoo uwe na orodha. Usipofanya hivyo, msiba wa shemeji wa rafiki wa mtu wa Same utaingizwa ili hesabu ikubali. Tumia wiki, usitumie usiku. Ukihesabu kwa usiku, kifo kimoja kitahesabiwa hadi mara saba kwa sababu kinaangukia kwenye wiki ya kila usiku ule, na bundi mmoja mkaidi atajaza daftari. Anayeandika bundi asiwe yule anayeandika misiba, kama inawezekana. Endelea wiki 40.

Tuseme umepata hivi: wiki 16 bundi alisikika, na 5 kati ya hizo zilifuatwa na msiba. Wiki 24 hakusikika, na 7 zilifuatwa na msiba. Asilimia 31 kwa 29. Watu wataishika ile 31. Basi chukua vikaratasi 40, andika M kwenye 12 (misiba yote), changanya, gawa 16 upande wa bundi bila kuangalia, hesabu M. Rudia mara 50. Utaona M tano au zaidi zinatokea zaidi ya nusu ya mizunguko, bila bundi yeyote chumbani. Ungehitaji M nane au zaidi ndipo uanze kujiuliza, maana nane hutokea kwa nadra, chini ya mara moja kati ya 20.

Na hata ukifika nane, swali linalofuata ni la njia. Nyumba yenye mgonjwa mahututi huwasha taa usiku kucha. Taa huita wadudu, na watu walio macho ndio wanaomsikia bundi. Uhusiano unaweza kuwepo bila bundi kujua lolote.

Nimemwota rafiki wa zamani, asubuhi akapiga simu. Nasibu gani hiyo?

Kwa mtu mmoja, usiku mmoja, ni jambo la ajabu. Tuseme uwezekano ni mmoja kwa elfu. Kwa mwaka una usiku 365, kwa hiyo uwezekano wa kukutokea angalau mara moja ni kama asilimia 31. Tuseme ni la ajabu zaidi, moja kwa milioni kila usiku. Jiji la Arusha pekee lilikuwa na watu zaidi ya laki sita kwa sensa ya 2022. Kila mwezi watu 18 hivi wataamka na kisa cha kusisimua mwili, nao ndio watakaosimulia. Laki sita waliolala bila kisa hawasimulii.

Namba za saa ni hivyohivyo. Wanaouliza kwa nini kila wakishika simu wanakuta 11:11 au 22:22 wajue kuna dakika 24 za aina hiyo (00:00, 01:01, hadi 23:23) kati ya 1,440. Ni moja kwa 60. Anayetazama simu mara 60 kwa siku atakutana nayo mara moja kwa siku kwa wastani, na wengi tunatazama zaidi.

Kwenye Kosta ya Moshi kwenda Arusha tulikuta abiria wawili wana siku moja ya kuzaliwa. Kuna maana?

Kwa abiria 23 uwezekano ni asilimia 50.7, kwa 30 ni asilimia 70 na ushee. Siri ni kwamba unahesabu jozi, si watu, na watu 23 wanaunda jozi 253. Ila ingekuwa siku *yako* inafanana na ya mwingine, hapo ni nadra zaidi.

Tangu ninunue IST (gari dogo la Toyota) naziona kila kona. Zimeongezeka?

Zilikuwepo. Ulikuwa huzitazami.

Kuna kona ilikuwa inaua bodaboda. Wazee wakaiombea, ajali zikapungua. Takwimu si hizo?

Swali zuri kuliko yote hapa, kwa sababu linagusa pia dawa, mafunzo, hata kocha mpya wa timu.

Chukua kona 20 zinazofanana kabisa, kila moja ikiwa na wastani wa ajali 3 kwa mwaka kwa nasibu tu. Mwaka wowote, moja au mbili kati yake zitafika 6 au 7. Hizo ndizo zitakazoitwa kona za shetani. Mwaka unaofuata, hata usipofanya lolote, zitaelekea kurudi karibu na 3, kwa sababu 7 ilikuwa bahati mbaya juu ya wastani. Ukiweka maombi, matuta, au trafiki mwenye miwani myeusi katikati, yeyote kati yao atapewa sifa. Ndivyo ilivyo pia kwa maumivu ya mgongo: mtu huenda kwa mganga siku yakiwa makali zaidi, na baada ya siku kali zaidi mara nyingi hufuata nafuu.

Kupima vizuri, tumia miaka mitatu hadi mitano kabla, si mwaka ule mbaya peke yake. Tafuta kona nyingine mbaya ambazo hazikuguswa, ulinganishe. Na usiondoke bila kuitazama kona yenyewe saa ya ajali: changarawe iliyomwagika, mteremko unaoficha gari linalokuja, jua la jioni machoni. Kuna kona ambazo ni mbaya kweli, na hizo mwaka wa pili hazirudi kwenye wastani.

Wachimbaji wa Mirerani wana ishara zao. Wengine wametajirika.

Mwaka 2020 mchimbaji mmoja wa Mirerani aliiuzia serikali mawe mawili ya tanzanaiti mwezi Juni, kilo 9.2 na kilo 5.1, na Agosti akaleta la tatu la kilo 6.3. Mtu wa namna hiyo akieleza aliota nini usiku ule, nchi nzima inasikiliza. Wanaapolo (wachimbaji wa shimoni) walioota ndoto hiyohiyo wakatoka shimoni mikono mitupu hawaitwi redioni. Ruwaza za kweli shimoni zipo, ila ni za miamba: tanzanaiti hukaa kwenye mwamba wenye grafaiti, na anayeujua mkunjo wa mwamba ana nafasi kuliko anayefuata namba za ndoto.

Basi hakuna ishara yoyote ya kuaminika?

Zipo nyingi, tena nyingine ni za wazee. Dalili ya mvua ni mawingu, na hiyo ina njia inayoeleweka kutoka dalili hadi tukio. Mkahawa uliozaa sana mwaka huu huzaa kidogo mwakani, kwa kuwa mti umetumia akiba yake kujaza matunda na haukutoa machipukizi ya kutosha. Mkulima wa Machame aliyeliona hili kwa macho aliona sawa. Hata malalamiko kwamba vifodi (daladala ndogo) huja viwili viwili baada ya kusubiri sana yana ukweli: kinachochelewa hukuta abiria wengi kituoni, huchelewa zaidi kuwapakia, na cha nyuma kikiwa na abiria wachache kinakifikia.

Kwa upande mwingine, ng'ombe wa maskini hazai. Ni methali tamu na ni ruwaza ya uongo. Ng'ombe huyo asipozaa, tatizo huwa ni malisho, maradhi au ukoo wa karibu wa dume, mambo ambayo ofisa mifugo anayaweza.

Mnasema Mungu hahusiki?

Hesabu hizi haziwezi kusema hivyo wala kinyume chake. Zinajibu jambo moja: je, kilichotokea kimezidi kile ambacho nasibu ingetoa?

Kuna hatari gani? Si imani za watu tu?

Hatari kubwa ni pale ruwaza inapopata mtu wa kulaumiwa. Kanda ya Ziwa wanawake wazee wameuawa kwa kudhaniwa wachawi kwa sababu macho yao ni mekundu, wakati miaka ya kupikia kwenye moshi inatosha kuyafanya mekundu. Watoto wawili wakifa mfululizo kwenye boma moja, tafuta kwanza maji, malaria na surua, upeleke taarifa kituo cha afya. 

Lini nimpeleke ndugu yangu kwa daktari?

Asipokubali tena maelezo mengine yoyote, na ruwaza zote zikimlenga yeye: redio inamtaja, watu wa stendi wanapeana ishara juu yake, namba za magari ni ujumbe. Ukiona pia halali, amejitenga, ameacha kuoga au kazi, au anasikia sauti, usisubiri. Anzia hospitali ya rufaa ya mkoa, Mawenzi kwa Moshi, Mount Meru kwa Arusha. Nenda na maandishi ya lini mabadiliko yalianza na dawa au kilevi anachotumia. Usibishane naye njiani kuhusu ujumbe wa namba. Mwulize amelala saa ngapi.

Nimefanya jaribio la sarafu, simba ametokea mara 60 kati ya 100. Sarafu ina kasoro?

Simba 60 au zaidi hutokea kwa sarafu nzima karibu mara 3 kwa kila majaribio 100 ya namna hiyo, na ukihesabu pia uwezekano wa Karume kufika 60, ni karibu mara 6. Kwenye darasa la watu 40, wawili hivi watapata matokeo kama yako. Rusha tena mara 100, ukianza sifuri. Zile 60 za kwanza usizijumlishe, maana ndizo zilizokufanya uulize.